Kilichotoka Mfukoni

Breki alirudi kwa miguu.

Hilo peke yake lilitosha kumfanya Mama Pasi ainue pasi kutoka kwenye shati la mhasibu wa kiwanda cha sabuni na kuiacha ikielea hewani. Shemeji yake huyo hakuwa mtu wa kutembea. Tangu akabidhiwe usukani wa gari la kupelekea nguo, hata duka la jirani alilifikia akiwa ameketi. Walimwita Breki kwa sababu alikanyaga breki kwa kila kitu: kuku, dimbwi, kivuli cha nguzo, na siku moja gazeti kuukuu lililopeperushwa na upepo. Mtaa mzima ulimjua anakuja kwa mlio wa gari linalosita. Leo hakukuwa na mlio. Alisimama mlangoni mwa banda la kupigia pasi, kitabu cha risiti kwapani, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi, uso kama wa mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Shemeji, kaka yuko?"

"Yuko kwenye kamba anaanika. Gari umeliacha wapi?"

"Nje ya nyumba ya wageni," alisema Breki. "Halipo."

Habari yenyewe ilitoka vipande vipande. Alikuwa ameegesha mbele ya geti kama kila siku, akafunga milango, akaingiza mafurushi mawili ya mashuka. Dada wa mapokezi alitafuta kalamu ya kusainia hadi ikaonekana nyuma ya sikio lake mwenyewe. Alipotoka nje alikuta doa la oili mahali gari lilipokuwa. Alizunguka nyumba ile mara tatu, akidhani labda yeye ndiye aliyepotea. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akamwambia kwamba watu wawili walikuja, mmoja akafungua mlango kama wa kwake, akawasha, wakaondoka. Hawakukimbia hata. Walitoa ishara ya kukata kona.

Dobi, mumewe Mama Pasi, alikuja kutoka uani na vibanio vitatu vya nguo mdomoni. Alisikiliza yote bila kuvitoa. Kisha akavitoa kimoja kimoja, akaviweka mfukoni, na badala ya kupiga kelele, akacheka.

"Haiwezekani," alisema. Alichomoa ndani ya shati ufunguo wenye kichwa kinene cheusi, uliofungwa kwenye utepe mweupe wa kushonea pindo. Aliuvaa shingoni usiku na mchana, hata akioga. "Gari lile haliwaki kwa chuma kitupu. Ufunguo huu una akili ndani. Ukiuingiza, gari linauliza: nani wewe? Ufunguo unajitambulisha. Usipojitambulisha, injini haingurumi hata umlete fundi aliyeiunda."

Hotuba ile aliijua kila mtu. Alikwisha kuitoa kwa wateja, kwa wauza sabuni, na mara moja msibani, watu wakiwa wamekaa kimya na hawana pa kukimbilia.

"Basi limewashwa, kaka," alisema Breki.

"Wenye ufunguo unaojua kuzungumza na gari lile ni wawili duniani. Mimi na wewe."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anausifia ufunguo wake tu. Lakini sentensi ile ilibaki bandani, haikutoka, na wote watatu wakawa wanaitazama kwa kukwepa. Kisha kukasikika harufu ya kuungua. Mama Pasi alikuwa ameishusha pasi juu ya kifua cha mhasibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane ya kazi hiyo, alikuwa ameisahau hapo.

*

Kituoni, askari wa kaunta alikuwa na daftari kubwa, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe, na usingizi. Aliandika rangi ya gari, akaandika namba, akapiga mwayo. Mbele yake Dobi alianza tena habari za ufunguo wenye akili, na kadiri alivyozidi kueleza, ndivyo askari alivyozidi kuamka.

"Subiri, mzee. Bila ufunguo wake haliwaki?"

"Haliwaki."

"Na funguo ziko ngapi?"

"Mbili tu. Wangu huu hapa."

Askari akamgeukia Breki. Breki akaweka wake juu ya kaunta. Ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa kwa kushikwashikwa.

"Mzee, umetusaidia kazi kubwa," alisema askari, na Dobi akatabasamu kama mtu aliyesifiwa, hadi alipoona kijana wa pili mwenye sare akimwambia mdogo wake avue mkanda na kamba za viatu.

Breki aliinama kufungua kamba. Aliifungua ya kulia, akaifungua ya kushoto, akaziviringa vizuri kama anavyoviringa mafurushi, akazikabidhi. Mama Pasi alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba wake kifuani. Alijua jambo ambalo lingeweza kurudisha kamba zile viatuni saa hiyo hiyo. Alifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Ana vidonda vya tumbo, asikae na njaa."

Askari akaliandika hilo pia.

*

Alichokijua kilikuwa na umri wa miezi tisa.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja iliyowajengea jina. Hakuna vazi linalogusa maji kabla mifuko haijageuzwa nje ndani. Kinachopatikana kinawekwa kwenye kopo la maziwa lililo juu ya rafu, kimefungwa tiketi yenye namba ya mteja, na siku ya kuchukua nguo, kilichotoka mfukoni kinarudi kwa mwenyewe. Walikwisha kurudisha pete, jino la dhahabu, na barua ya mapenzi ambayo kwa bahati mbaya ilirudishwa kupitia kwa mke. Namba moja ilikuwa ya Dobi mwenyewe, namba mbili ya mama yake, namba tatu ya Breki, lakini nguo zao wenyewe zilifuliwa mwisho, kwa maji ya mwisho, na mikono iliyochoka. Hizo hazikupekuliwa.

Wiki ile mgongo wa Dobi ulikuwa umegoma na yeye amelala chali kama ubao. Utepe ulimkwaruza shingo akilala hivyo, akautia ufunguo mfukoni; suruali ikaingia kwenye pipa la maji ya moto, na ufunguo ndani yake. Mama Pasi alipousikia ukigonga ukuta wa pipa, roho ilimruka. Akauopoa, akauona unatiririka maji, na hapo akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Mwingine angeuanika juani. Yeye maisha yake yote kitu kilicholowa kilikauka kwa njia moja. Aliulaza kati ya vitambaa viwili, akapitisha pasi.

Kichwa cha ufunguo kiliyeyuka, kikawa bapa kama ubani uliotafunwa.

Fundi wa funguo, aliyekaa chini ya mwavuli penye mzunguko wa soko, alikipasua kichwa kile na kutoa kitu kidogo cheusi, kama mbegu ya papai, chenye ufa katikati. "Amekufa huyu," alisema. Njia sahihi, akaeleza, ni kununua chipu mpya na kumwita mtu wa kompyuta alifundishe gari kuitambua. Alipotaja bei, Mama Pasi aliomba mahali pa kukaa. Njia fupi ilikuwepo. Atoe chipu iliyo hai kutoka kwenye ufunguo wa akiba, ule alioutumia Breki, aibandike kwa siri ndani ya gari, chini ya usukani, karibu na pale ufunguo unapoingia. Gari litaisikia kila siku na kudhani mwenyewe amefika. Baada ya hapo chuma chochote kitakachozunguka kitawasha.

"Na mwizi?" aliuliza Mama Pasi.

"Mwizi atajuaje, mama?"

Lilikuwa jibu zuri sana kwa mtu aliyetaka kulisikia. Mchana huo, Breki akiwa amelala na gari liko uani, fundi alikuja akaifanya kazi. Utepe wa kubandikia ulimwishia, Mama Pasi akampa wa kwake, ule mweupe wa pindo, kutoka mkobani. Bamba la ufunguo wa mumewe likavalishwa kichwa kipya kilichofanana na cha zamani, kitupu ndani. Toka siku hiyo ufunguo wenye akili ulikuwa na akili sawa na kijiko, na mwenyewe akaendelea kuuvaa shingoni na kuuhubiri.

Alikusudia kumwambia mgongo ukipona. Mgongo ukapona. Halafu Dobi akamhubiria baba mkwe wake, mbele ya shemeji zake wote, na Mama Pasi akaona wazi kwamba muda wa kusema ulikwisha kupita bila kumuaga.

*

Siku mbili zilizofuata nyumba ilifanya kazi kama gurudumu lisilo na upepo. Makoti meupe ya zahanati yalikuwa yameondoka na gari, na bibi muuguzi mkuu akaja mwenyewe, akasimama katikati ya ua na kuuliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kama wagonjwa watibiwe na watu waliovaa fulana. Mhasibu alilipokea shati lake lenye tundu la kuchomwa na pasi, akaliinua juani, akachungulia kupitia lile tundu. Mwenye duka la kona alimwambia Dobi kwa upole wa kuumiza, "Kumbe mdogo wako ni mtaalamu. Na breki zote zile."

Lakini aliyeifanya nyumba ishindwe kupumua alikuwa mama mkwe. Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka, na shuka hukunjwa na watu wawili. Alishika ncha mbili, akasimama. Dobi alipoinuka ashike nyingine, mama alizishusha za kwake na kungoja mtu mwingine apite. Neno lake kwa mwanawe mkubwa lilipitia kwa mkwe.

"Mwambie mumeo chai iko mezani," alisema, na mumeo mwenyewe amekaa mbele ya chai hiyo hiyo.

"Mama, mimi sikumtaja mdogo wangu," alisema Dobi. "Nilieleza habari za ufunguo tu."

"Mwambie mumeo ufunguo sikuuzaa mimi."

  Kila Mama Pasi aliponyoosha mkono kuchukua tiketi kwenye rafu, kopo la maziwa lilikuwa pale pale, na yeye alichukua tiketi na kugeuka upesi kama anayemkwepa mtu anayemdai salamu.

Alipeleka chakula kituoni mara mbili kwa siku. Breki alikuwa amekonda kwa siku mbili kuliko wengine wanavyokonda kwa mwezi, na alitembea akiburuza viatu visivyo na kamba. Walimtaka amtaje mnunuzi.

"Nimewaambia sina. Wananiambia nifikirie vizuri," alisema. "Nimefikiria, shemeji. Hata wa kubuni sina. Kaka anasemaje?"

"Anasema utatoka."

"Na wewe?"

"Kula, kinapoa," alisema Mama Pasi.

Kutoka hapo hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita penye mzunguko wa soko. Alitaka fundi wa funguo aje aseme yeye, kwa kinywa chake, kama jambo la kitaalamu, labda bila kutaja nani aliyemtuma. Fundi alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeomba nauli.

"Mimi sikujui, mama."

"Nilikupa utepe wangu."

"Wanaonipa vitu ni wengi." Aliendelea kusugua kipande cha chuma, kisha akashusha sauti. "Nikisema mimi, nitakaa mimi. Wewe una mume. Anza na huyo."

*

Mkaguzi wa bima alifika siku ya tatu, asubuhi, mwanamke kijana mwenye viatu safi ambavyo alivipitisha kwa uangalifu kati ya madimbwi ya povu. Dobi alikuwa amevaa shati lililotiwa wanga hadi likawa linasimama lenyewe. Alimfutia kiti mara mbili. Siku alipokata bima kubwa, alikuwa amejaza fomu yote kwa herufi kubwa, na palipoulizwa kama gari lina kifaa cha kuzuia wizi na kama kinafanya kazi, aliandika NDIYO SANA.

Mama mkwe alikuwa pembeni na shuka lake, akingoja mtu wa kushika ncha. Mama Pasi alikuwa kwenye pasi. Hakuna aliyemwambia aende wala abaki.

Dobi akatoa hotuba. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa kawaida ni kweli, mzee. Naomba funguo."

Wa Breki alikuwa nao ndani ya bahasha kutoka polisi. Wa Dobi ulivuliwa shingoni. Mkaguzi alitoa kifaa kidogo kama kiberiti, chenye taa moja. "Ikiwa kijani, ufunguo unazungumza," alisema. Akausogeza wa Dobi. Taa ikawa nyekundu.

Dobi akaomba arudishiwe. Aliufuta kwa pindo la shati, akaupuliza, akaupangusa tena. "Una jasho," alisema.

Nyekundu. Wa Breki nao, nyekundu. Mkaguzi alichukua kibisibisi chembamba, akafungua kichwa cha kwanza, akafungua cha pili, akaviweka mezani vimeachama.

"Havina kitu, mzee. Hivi ni plastiki na chuma."

 Dobi alivitazama vichwa vile viwili kama mtu anayeonyeshwa meno yake mwenyewe kwenye kiganja cha mwingine.

"Kuna mtu alizitoa chipu zote mbili," alisema mkaguzi. "Kwa hiyo alipata kuzishika funguo zote mbili, kwa nafasi. Huu wako uliwahi kuwa mikononi mwa nani?"

"Nilipoumwa mgongo," alisema Dobi, na sauti yake ilikuwa imezeeka. "Wiki nzima. Mdogo wangu ndiye alikuwa na gari. Zote mbili zilikuwa humu ndani, angeweza kuzishika."

Shuka lilimtoka mama mkwe mikononi likaanguka chini.

Mkaguzi aliandika, na alipomaliza aliongea kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtia Mama Pasi baridi ya mgongo. Alisema kwamba hapo mambo yamekaa sawa. Mwenye gari hakujua, alidanganywa na mtu wa nyumbani, na kampuni humlipa mtu wa namna hiyo. Gari lingine lingepatikana. Mdogo mtu angeshtakiwa kwa wizi wa kupanga. Kilichobaki ni saini ya mzee, hapa na hapa.

Dobi alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi, na macho yake yalikwenda kwa mama yake, yakarudi. Alikuwa anaamini kabisa. Hilo ndilo Mama Pasi aliloliona. Angekaa kimya dakika moja zaidi, mumewe angetia saini, gari lingelipwa, na yeye asingeulizwa na mtu yeyote mpaka anaingia kaburini.

Aliiweka pasi kwenye kiti chake cha chuma. Akavuta kigoda, akapanda, akashusha kopo la maziwa. Alichimba chini ya vifungo, sarafu na hereni pweke, akatoa kitu bapa, cheusi, kilichofungwa tiketi, akakiweka juu ya karatasi, pale saini ilipotakiwa.

"Hiki kilitoka mfukoni mwako," alimwambia mumewe. "Nimechelewa kurudisha."

Dobi aliigeuza tiketi. Ilikuwa imeandikwa namba moja, kwa mwandiko wa mkewe, na tarehe ya miezi tisa nyuma.

Akasema yote. Alisema akiwa bado amesimama juu ya kigoda: pipa, pasi, mwavuli wa fundi, mbegu yenye ufa, chipu hai iliyobandikwa chini ya usukani. Mkaguzi aliacha kuandika tangu katikati.

"Mama, unaelewa unachosema? Nikiandika hivi, bima hailipi hata senti. Kinga ya gari iliondolewa na mwenye gari."

"Mimi si mwenye gari," alisema Mama Pasi. "Mimi ni mwenye pasi. Lakini andika."

 Dobi alikuwa anakipapasa kile kichwa kilichoyeyuka, kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

"Ulikipiga pasi?" aliuliza.

"Nilikipiga."

"Moto wa pamba au wa hariri?"

"Wa pamba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikia kosa la fundi mwenzake. Hakumtukana. Hakumtazama pia. Mama mkwe aliokota shuka lake, akalikung'uta vumbi, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu akaongea na mwanawe bila kupitia kwa mtu.

"Nenda ukamtoe mwanangu."

*

Haikuwa kazi ya dakika tano. Mama Pasi alitoa maelezo, akayarudia, akayasaini. Walimfuata fundi wa funguo, wakamkuta anakunja mwavuli saa nne asubuhi, siku ya jua kali, na baada ya kukana mara mbili alikumbuka hata rangi ya mkoba. Jua lilikuwa limeinama Breki alipoletwa kaunta na kukabidhiwa mfuko wake wa nailoni: mkanda, simu, kamba za viatu, vikorokoro vya mfukoni. Askari alimtaka asaini kwamba havijapungua. Kuhusu gari, alisema wataendelea kulitafuta, kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha siku moja.

Ngazini Breki alikaa avae viatu. Kamba ikawa inapita nje ya tundu kila mara. Dobi alisimama juu yake muda. Kisha akashika ukuta, akashusha ule mgongo wake mbovu kidogo kidogo hadi akapiga magoti kwenye saruji, mbele ya watu waliokuwa wakiingia na kutoka, akaichukua kamba. Alimfunga kiatu cha kulia, akamfunga cha kushoto.

"Umekaza sana, kaka," alisema Breki.

"Ndivyo inavyotakiwa."

Hayo ndiyo waliyozungumza hadi nyumbani.

Kesho yake waliazima mkokoteni. Breki alivuta mbele na Dobi akasukuma nyuma, mashuka ya nyumba ya wageni yamefunikwa turubai, na vijana wa mtaa wakauliza kama chombo hicho nacho kina ufunguo wenye akili.  Shingoni Dobi hakuwa na kitu, na mkono wake ulikuwa ukienda kifuani kutafuta, ukikosa, ukirudi kusukuma. Kwa mkewe alizungumza kuhusu sabuni na wanga tu. Usiku alilala amegeukia ukuta. Mama Pasi alikuwa amejitayarisha kwa kelele. Hali hii hakujua aivae vipi.

Jioni ile alianza kufua za nyumbani. Alichukua suruali ya Breki, ile aliyotoka nayo kituoni, na kabla haijagusa maji akaigeuza mifuko. Toka siku ile ya pipa alizigeuza za kila mtu. Kwenye mfuko wa kushoto kulikuwa na ufunguo mdogo wa kufuli, wa tangi la maji la uani, ule uliopotea wakalazimika kununua kufuli jingine. Meno yake yalikuwa yamekwanguliwa kwa tupa na kung'aa.

Breki alikuwa ameketi kwenye ukingo wa karo, akisugua miguu. Alimwona ameushika. Akaacha kusugua.

"Shemeji," alisema Mama Pasi, "huu unafungua nini?"

Alifikiri kidogo, na pengine alifikiri kudanganya.

"Siku moja ule mwingine ulinipotea ndani ya furushi la mashuka. Nikajaribu huu kwa kukata tamaa. Gari likawaka." Alitazama miguu yake. "Nikafungua chini ya usukani nione kuna nini. Nikauona utepe wako."

Povu lilikuwa linapasuka taratibu kwenye beseni. Mama Pasi alihesabu moyoni siku tatu, kamba za viatu, sahani za chakula alizozipitisha juu ya kaunta, na lile swali fupi: na wewe?

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Wangekuja kukuchukua wewe. Kaka angebaki na nani wa kumchomea mashati?" Alijaribu kucheka, haikutoka vizuri. "Na mimi nilijua gari halina kinga, shemeji, nikawa naliacha barabarani vilevile, kwa sababu ilinifaa. Kwa hiyo nilikaa kule nikasema ngoja nione atasema siku ya ngapi. Ya tatu si mbaya sana."

Hakusema kwa kumkomoa, na ndiyo maana iliingia hadi kwenye mfupa. Mama Pasi alisimama na ule ufunguo kiganjani. Ulikuwa mwepesi sana. Rafu ilikuwa karibu, kopo liko juu yake, na lilikuwa na nafasi. Wangeweza kuwa wawili wanaojua, na kopo likawa la tatu.

Alikausha mkono kwenye kanga, akachukua tiketi, akaandika namba tatu, akaifunga kwenye ufunguo kwa uzi mwekundu. Kisha akamnyooshea.

"Kilichotoka mfukoni kinarudi kwa mwenyewe," alisema. "Mpelekee kaka yako. Yuko kwenye kamba anaanika."

Breki aliuchukua. Aliinuka, akavuta suruali juu, akaanza kuvuka ua kuelekea kwenye kamba, ambako miguu ya Dobi ilionekana chini ya mashuka yaliyolowa. Ni hatua ishirini hivi. Alisimama mara mbili njiani, na hapakuwa na kuku.